Kikombe Kisichozamishwa

Suke lenyewe lilikuwa zuri, na uzuri huo ndio uliowatisha.

Elipendo Mkumbo, mwenyekiti wa wakulima wa bonde la Ndurumo, alilitoa ndani ya khanga aliyolifungia, akalilaza juu ya meza ya mapokezi ya Maabara ya Mwale. Lilikuwa suke la mtama refu kama mkono kutoka kiwiko hadi kidole, jekundu, nene, halina doa hata moja la kutu nyeupe. Shaibu Ntandu alikuwa akipita kwenda zamu, glasi ya chai mkononi. Alisimama kulitazama kwa fahari, maana alijua limetoka kwenye mbegu aliyoipitisha yeye.

"Mama Mkumbo, hayo mambo!" alisema. "Limesimama kama bwana harusi."

"Limesimama kweli," Elipendo akamjibu. "Sasa lifikiche."

Shaibu akaweka glasi chini. Akalifikicha suke kwa viganja viwili, kisha akapuliza kama bibi yake alivyomfundisha zamani kule Mtinko. Makapi yakaruka yote. Kiganjani hakikubaki kitu.

"Fikicha tena, labda hukutumia nguvu."

Akafikicha tena, akapuliza tena. Kiganja kikabaki kiganja.

"Ekari mia nne," Elipendo alisema. "Mabwana harusi wa ekari mia nne, wamevaa, wamependeza, na hakuna hata mmoja mwenye kitu."

Mlinzi wa mlangoni alicheka, kisha akaona amecheka peke yake, akageukia ukutani.

"Sikuja kugombana," Elipendo aliendelea. "Nimekuja kuuliza kwa mdomo nijibiwe kwa mdomo, kama sheria inavyotaka. Nani alisema mbegu hizi ziko salama?"

Shaibu alikuwa na jibu. Nchi nzima ilikuwa nalo. Hata watoto wa huyo Elipendo walikuwa wakiliimba wakiruka kamba.

*

Miaka kumi na tisa kabla ya siku hiyo, mashine za maghala ziliiambia nchi kwamba chakula kipo. Kila ghala lilikuwa na kipimo chake, vipimo vikizungumza vyenyewe kwa vyenyewe, na vyote vilikubaliana: maghala yamejaa. Watu walikufa njaa huku skrini zikionyesha rangi ya kijani. Baada ya mazishi ikatungwa Sheria ya Kauli. Tangu hapo hakuna namba yoyote ya umma inayohesabiwa kuwa namba mpaka mtu mzima mwenye akili zake aitamke kwa kinywa chake, na mtu wa pili aliyeiona kwa macho yake aitikie, "Nimeona." Mashine hupima, lakini mtu ndiye husema. Mashine haina uso, na asiye na uso haoni haya.

Anayekutwa na kauli ya uongo hufungwa kauli maisha. Hatiwi jela. Anakula na kulala kwake. Ila neno lake haliingii popote: hawi shahidi, hapigi kura, hauzi, hanunui kwa ahadi, haozeshi mtoto. Ukimwuliza njia, sheria inakutaka umwulize na mwingine.

Kutu nyeupe nayo ilikuja miaka ileile, kuvu linalobadilika kila msimu, nalo lilitafuna mtama, uwele na mahindi bila kubagua. Dawa pekee iliyolishinda ilipatikana chini ya majabali ya Singida, ndani ya handaki la mita sabini lililochimbwa kwenye mwamba. Humo atomi za kaboni zilivuliwa elektroni zake, zikawa ioni, zikasukumwa kwa umeme, zikapindishwa kwa sumaku, zikafika mwisho wa bomba zikiwa mwale mwembamba kuliko uzi. Mwale huo ulipita juu ya trei za mbegu na kuamsha ndani yake kinga iliyolala. Ukiwa mdogo mno, kutu inakula shamba. Ukizidi, mmea unaota kwa fahari, unapendeza kuliko yote, na hauzai. Katikati pana kijia chembamba, na kazi yote ya maabara ilikuwa kukipita kijia hicho bila kuteleza.

Vipimo vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa chemba ya gesi, ambayo mwale uliipita ukielekea kwenye mbegu. Ioni zilipogonga gesi ziliacha alama ya umeme, na mashine ilihesabu alama hizo kazi ikiendelea. Chemba ilikuwa nyepesi na haikusimamisha kazi, ila ilikuwa na ugonjwa mmoja: gesi ikivuja, alama zinapungua, mashine inadhani mwale umefifia, inauongeza. Kwa hiyo kilikuwapo kipimo cha pili, kikombe cha shaba nene, ambacho kabla ya kila fungu la mbegu msemaji wa zamu alikizamisha katikati ya njia. Kikombe kiliumeza mwale wote, hakikubakiza ioni hata moja. Kikombe hakikuwa na gesi ya kuvuja. Namba ya kikombe ndiyo iliyotamkwa.

Shaibu alikuwa msemaji wa zamu. Bi. Zeituni Msengi, mwanamke wa miaka hamsini na mitano aliyemfundisha kazi tangu siku ya kwanza, alikuwa mwitikiaji wake na mtunzaji wa gesi ya chemba.

Wasemaji wengine walitamka namba kama mtu anayetaja jina lake polisi. Shaibu alikataa. Mashairi hakuyasomea popote. Alijifunza kuhesabu mizani kwa vidole akiwa kibarua kwenye mashine ya kukamua alizeti, na kelele za mashine zilimfundisha kupaza sauti. Alipopata kazi ya usemaji alianza kutamka namba kwa ubeti. Mkurugenzi, Dokta Hezroni Kitundu, alimkemea mara mbili. Mara ya tatu redio ikasikia, watu wakapenda, na Dokta Kitundu akagundua kwamba naye alikuwa akipenda siku zote.

Siku ya fungu la arobaini na moja, la mwisho la msimu, redio ilikuja kurusha moja kwa moja. Asubuhi yake walikuwa wamemaliza fungu la arobaini, la Ndurumo. Fungu lililobaki lilikuwa magunia elfu tatu ya nyanda za juu za Iramba, ambako hupandwa miezi kadhaa baada ya bondeni. Mkono wa chuma unaoshusha kikombe ulikuwa umeanza kukwama tangu juzi yake. Mara nyingine ulishuka kwa dakika mbili, mara nyingine tano. Dakika tano za kimya redioni! Ubeti alikuwa nao tayari tangu siku iliyotangulia, na namba ilikuwa imeshakaa ndani yake, kwa sababu kwa siku kumi na moja mfululizo kikombe kilikuwa kimesoma nanoampea thelathini na mbili za umeme wa mwale. Skrini ya chemba nayo, mbele ya macho yake, ilisoma thelathini na mbili.

Aliweka mkono juu ya wenzo wa kukishusha kikombe. Hakuusukuma. Akapaza sauti:

*Kikombe nimezamisha, sikilizeni dalili,*
*Shaba haijapotosha, yasema jambo kamili,*
*Namba naithibitisha, ni thelathini na mbili,*
*Mbegu tunaihuisha, njaa tunaikabili.*

Watu wa redio, nyuma ya kioo, hawakuweza kujua. Bi. Zeituni aliweza. Kiti chake kilielekea taa ya kikombe, ambayo huwa ya kijani kikiwa juu na nyekundu kikiwa chini. Ilikuwa ya kijani. Ilipita pumzi moja, pengine nusu yake.

"Nimeona," Bi. Zeituni alisema.

*

Kikao cha kumjibu Elipendo kilifanyika chumba cha mikutano, saa nne asubuhi, madirisha yakiwa wazi na upepo wa Singida ukipeperusha karatasi. Dokta Kitundu alikaa mwisho wa meza. Elipendo alikaa mkono wake wa kulia, na suke mbele yake. Sauti ya Shaibu ilichezwa, ubeti wote mpaka "Nimeona" ya mwisho. Shaibu alikuwa ameisikia mara mia, sokoni na vilabuni, na kila mara kifua kilimpanuka. Leo ilimtambaa mgongoni kama mdudu.

"Ndugu Ntandu," Dokta Kitundu aliuliza, maana ndivyo sheria inavyotaka kuulizwa, "kauli yako inasimama?"

Jambo la aibu halihitaji muda mrefu. Mtu anaweza kukaa miaka mingi akijijengea jina, kisha akalizika kwa pumzi moja kabla chai haijapoa. Shaibu alitaka kusema hapana. Aliliona neno lenyewe, fupi, jepesi. Kisha akaiona midomo ya watoto ikiimba, akaona na siku zote zilizobaki za maisha yake ambazo hatafungua kinywa mtu akasikiliza.

"Inasimama," alisema.

Hakuthubutu kutazama upande wa Bi. Zeituni. Alitazama mikono yake, ile iliyofikicha suke.

"Basi hesabu ni rahisi," Dokta Kitundu alisema, na alionekana kupata nafuu. "Fungu la arobaini limezidishiwa mwale, maana yake gesi ilipungua asubuhi ile kazi ikiendelea, baada ya kikombe kusoma. Lakini mchana, kabla ya fungu la arobaini na moja, kikombe kilisema thelathini na mbili na chemba ikasema thelathini na mbili. Kwa hiyo wakati huo chemba ilikuwa imeshapona. Haikujiponya. Mtu aliongeza gesi katikati, akaona aibu kuandika kwamba ilikuwa imepungua. Bi. Zeituni, uliongeza gesi?"

Bi. Zeituni alikaa kimya.

"Mama, nakuuliza kwa mara ya pili."

Alivuta mtandio wake mbele kidogo.

"Kimya kinahesabiwa kukubali," Dokta Kitundu alisema kwa huzuni. "Huo ni uzembe, si uongo. Kauli yako itafungwa mwaka mmoja, kuanzia mwisho wa mwezi."

"Mwaka mmoja!" Elipendo aligonga meza. "Mimi nina kaya mia moja na sitini zisizo na punje, yeye mwaka mmoja?" Akamgeukia Bi. Zeituni. "Wewe mama, una watoto?"

"Mmoja. Msichana."

"Anakula?"

Bi. Zeituni aliinamisha uso.

"Na zile mbegu nyingine?" Elipendo alimwuliza mkurugenzi. "Mvua iko mlangoni."

"Fungu la arobaini na moja ni safi. Kikombe kimelishuhudia. Alhamisi tunawakabidhi watu wa Iramba, uwanjani Kiomboi, na ninyi wa Ndurumo mtapewa humohumo mpande upya."

"Hapo sawa." Elipendo aliinuka, akafunga suke lake ndani ya khanga. Alipopita nyuma ya Shaibu alimgusa bega. "Wewe kijana, Mungu akuweke. Bila kikombe chako tusingejua hata pa kushika."

*

Bi. Zeituni alikuwa uani kwake, ungo mapajani, akichagua mchele wa harusi. Binti yake, Nasra, angeolewa Jumapili. Magunia mawili ya mchele yalisimama ukutani, na ndani ya nyumba wanawake walikuwa wakicheka na kubishana kuhusu kitambaa. Shaibu alipiga hodi mara tatu kabla hajasikiwa, yeye mwenye sauti.

"Karibu. Vuta kigoda."

Alivuta, akakaa. Akachukua mchele kiganjani, akaanza kutoa mawe.

"Nakwenda kwa Dokta," alisema. "Namwambia sikuzamisha."

Vidole vya Bi. Zeituni havikusimama. "Utamwambia na nani aliyeitikia?"

"Anajua nani aliitikia."

"Basi hebu fikiri mpaka mwisho, usifikiri nusu kama ubeti uliokosa kina. Wewe ukisema hukuzamisha, mimi nilisema nimeona. Nimeona nini? Uzembe wamenifunga mwaka, na haujaanza. Uongo watanifunga mpaka kaburini, na unaanza palepale. Jumapili sheikh atauliza, kama Sheria ya Kauli inavyotaka, mama wa bibi harusi anasemaje? Nani atasema? Baba yake amekufa. Sina ndugu. Itasemwa na mjumbe wa mtaa, kama mtoto wa kuokotwa?"

Kutoka ndani Nasra aliita, "Mama! Huyu Mwanaisha anasema kijani!"

"Mwambie kijani alivaa bibi yake!" Bi. Zeituni alijibu kwa sauti ya furaha kabisa, na uso wake haukubadilika hata mshipa. Hilo lilimchoma Shaibu kuliko lawama yoyote.

"Kwa nini uliitikia?" aliuliza polepole.

"Ulitaka nifanyeje? Niseme 'sijaona' mbele ya redio, nikuvue nguo nchi nzima ikisikia? Ulikuwa umeinua kidevu hivi." Akainua chake, akamwigiza, na akamwigiza vizuri. "Nilikustahi, Shaibu. Nikasema moyoni, kijana wangu huyu, kikombe kimesoma namba moja siku kumi na moja, leo kitabadilika? Nikakusitiri. Kwetu mtu akijikwaa mbele za watu unamtupia nguo kwanza, maswali baadaye."

"Na maswali hukuniuliza."

"Redio iliondoka, ukawa unapigwa picha. Kesho yake ukawa mtu mkubwa."

Walichagua mawe kwa muda. Shaibu alikuwa na swali moja, na aliliogopa kwa sababu alijua jibu lake.

"Bi. Zeituni. Chemba uliijaza gesi lini?"

"Msimu ulipokwisha. Siku ya usafi."

"Si mchana ule?"

"Sikuigusa mchana ule."

"Kwa hiyo fungu la arobaini na moja..."

"Huenda lilitoka sawa," alisema upesi. "Gesi inavuja hivi, inavuja vile. Huenda."

"Ilikuwa imepungua ukiijaza?"

Bi. Zeituni aliuweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza tangu kikao alimtazama usoni, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepika kwa kuni mbichi.

"Ilikuwa robo," alisema. "Unadhani silijui hilo? Unadhani nakaa hapa kuchagua mchele nikiwa sijui magunia elfu tatu yanakwenda kuota mapepe? Najua. Najua kuliko wewe. Na namjua Nasra. Nawekwa katikati ya hivi viwili kila nikifumbua jicho." Akauchukua ungo tena. "Usije hapa ukitaka nikuambie sema au nyamaza. Mdomo uliofungua ni wako. Mimi sikuchagulii."

"Nilikuja kuomba ruhusa," Shaibu alikiri.

"Najua. Ulitaka nikikataa urudi ukiwa mwepesi. Sikukatazi. Sikuruhusu. Nenda nyumbani."

Aliondoka na punje tatu za mchele zimegandia kiganjani kwa jasho. Alitembea mpaka Ziwa Singidani na kurudi, na njiani watu wanne walimsalimu kwa mstari wa shairi lake. Aliwaitikia wote. Hilo nalo alilikumbuka baadaye kwa aibu, jinsi mdomo wake ulivyozoea kushangiliwa, ukaendelea kutabasamu bila yeye.

*

Alhamisi uwanja wa Kiomboi ulijaa kabla ya saa tatu. Mawingu yalikuwa yameshika upande wa mashariki, mazito, yenye harufu, na watu walikuwa na furaha ya wenye haraka. Magunia yalipangwa kama ukuta. Matela yalisubiri. Wakulima wa Ndurumo walipewa nafasi ya mbele kwa heshima ya msiba wao, na Elipendo alikuwa ameshapakia magunia thelathini, anakaza kamba kwa goti.

Bi. Zeituni alikuwapo, kwa sababu mbegu haikabidhiwi bila msemaji na mwitikiaji wake. Alikaa kwenye benchi peke yake, benchi la watu sita. Mwanamke mmoja alikuja na mtoto, akamtazama, akamvuta mtoto akaenda kusimama juani. Shaibu aliona. Alijiambia macho yake yamekosea, kisha akaona na wa pili akifanya vilevile.

"Msemaji wangu!" Elipendo alimwita kutoka juu ya tela. "Leo usitubanie. Wanangu wamenituma nisikilize kama unalisema vilevile kama redioni."

"Mama Mkumbo, usipakie kwanza."

"Nisipakie? Mvua ile huioni?" Akashuka, akapunguza sauti. "Sikiliza. Najua mnafanya kazi pamoja na yule pale. Lakini sitamsamehe. Nilizika mtoto mwaka wa maghala. Mtu anayeona aibu kuandika kosa lake, huyo ni muuaji tu, hana tofauti. Wewe ndiye nakuamini. Hiki ninachokwenda kupanda, nakipanda kwa mdomo wako."

Dokta Kitundu alimkabidhi kipaza sauti kilichounganishwa na redio. Shaibu alipanda juu ya kreti. Kabla hajapumua, watoto walianza, kisha mama zao, kisha uwanja mzima, maelfu ya watu wakimpokelea neno ambalo hakuwa amelitoa:

*Kikombe nimezamisha, sikilizeni dalili...*

Waliimba vizuri. Walijua pa kupumua. Walikuwa wamelitia hata kiitikio. Shaibu alisimama akisikiliza uongo wake ukirudi kwake umependeza kuliko alivyoutoa. Wakafika mstari wa tatu.

"Nyamazeni," alisema.

Walicheka. Walidhani ni mbwembwe.

"Nyamazeni! Naomba. Sikukizamisha."

Vicheko viliisha kwa mafungu, mbele kwanza, nyuma mwisho. Alitafuta maneno yenye mpangilio na hakuyapata. Kwa mara ya kwanza tangu utoto alisema bila kujua sentensi itaishia wapi.

"Kikombe sikukizamisha. Mkono ulikuwa unakwama. Redio ilikuwa inasubiri. Nilikuwa na ubeti, namba ilikuwa imo ndani tayari. Nikasema tu. Gesi ilikuwa inavuja, mwale ulizidi. Ulizidi asubuhi kwenye fungu la Ndurumo, ukazidi mchana kwenye hili. Mbegu hizi zitaota, zitapendeza. Hazitazaa. Msizipande. Nilidanganya siku ile, na kwenye kikao nikadanganya tena, nikamwacha mwenzangu abebe. Hiyo ndiyo kauli yangu."

Dokta Kitundu alikuwa amefungua kinywa, akakifunga, akafungua tena. Sheria ilikuwa juu yake pia.

"Kauli ya msemaji," alisema, "haisimami bila mwitikiaji. Aliyekuwapo ni mmoja. Bi. Zeituni Msengi."

Shaibu hakuwa amemwambia kwamba atasema leo. Hakuweza kumwomba mara ya pili. Alimtazama akiinuka kwenye benchi lile la watu sita, akivuta mtandio, akija. Angeweza kusema, "Nilikiona kikishuka." Uwanja ungemwamini, maana uwanja ulitaka kumwamini. Mvua ilikuwa inakuja. Jumapili ilikuwa siku tatu mbele. Angeozesha binti yake, na msemaji angebaki mwendawazimu aliyevunjika moyo mbele za watu.

Hakupokea kipaza sauti. Aliongea kwa sauti yake mwenyewe, na waliokuwa nyuma walipelekewa maneno na waliokuwa mbele.

"Taa ilikuwa ya kijani," alisema. "Kikombe hakikushuka. Nilikuwa naitazama, nikajua, nikasema nimeona. Gesi niliikuta robo siku ya usafi. Hayo yote niliyajua, nikanyamaza, kwa sababu nina harusi."

Karani wa sheria, kijana mwembamba mwenye daftari, aliandika majina mawili. Alipomaliza hakuwatazama tena, kama alivyofundishwa, na kuanzia dakika hiyo Shaibu Ntandu na Zeituni Msengi walikuwa watu wenye midomo ya kulia chakula tu.

Elipendo alifungua kamba aliyokuwa ameikaza kwa goti. Hakulia wala hakutukana. Alishusha gunia la kwanza mwenyewe, likadondoka, vumbi likaruka.

"Dokta," aliuliza, "tutapanda nini?"

"Kuna uwele wa akiba," Dokta Kitundu alisema. "Mbegu ya zamani. Inatosha robo ya mashamba, labda. Kutu itaula kiasi, lakini kutakuwa na punje."

"Robo."

"Robo, mama."

Elipendo alimpita Shaibu karibu kabisa, hata khanga yake ikamgusa. Shaibu alisubiri neno lolote, hata tusi. Elipendo alimpita kama unavyoipita nguzo. Alipofika kwa Bi. Zeituni alisimama kidogo, akataka kusema kitu, aibu yake mwenyewe ikamzuia, akaendelea kwenda.

Matela yalianza kupakuliwa. Watu walifanya kazi kwa kimya, wakitazama mawingu. Hakuna aliyewapangia kazi waliofungwa kauli, kwa hiyo walijipangia. Shaibu alibeba mgongoni magunia tisa, moja baada ya jingine, la kumi likamshinda, akalikuta lina mikono mingine tayari. Bi. Zeituni alikuwa ameinama, mtandio ameufunga kiunoni.

"Nisamehe, mama," Shaibu alisema. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo.

"Usiniombe kitu leo. Nasra yuko njiani, ameshasikia redioni. Sijui nitaanzia wapi."

"Naomba tu unisikie."

"Nakusikia. Ni mimi peke yangu niliyebaki wa kukusikia, na sitaki." Tone la kwanza la mvua lilimwangukia begani, kubwa, likaacha doa jeusi kwenye kitambaa. Lingine likapiga gunia. "Maneno yako hayana uzito tena, Shaibu, na yangu pia. Hili gunia linao. Shika huko chini, usilikokote, litachanika."

Akashika.